Sukari "Bila Matatizo": Uongo Mfupi Kuliko Wote Hospitalini

Wasee, leo hakuna video. Hii nimeamua kuandika, kwa sababu nimejaribu kuirekodi mara tatu na kila nikifika katikati sauti inakwama. Na mnanijua, mimi si mtu wa kukwama sauti.

Leo naongea kuhusu namba moja tu. E11.9.

Najua kuna wenye washaanza kutoroka. Ngojeni kidogo. Kama nyumbani kwenu kuna mtu ako na sukari, na Kenya hii sioni nyumba nyingi zenye hazina, basi hiyo namba inamhusu. Inawezekana imeandikwa kwa faili yake sai hivi. Na inawezekana ni uongo.

Wacha nianze mwanzo. Kila ugonjwa duniani una msimbo wake. Orodha inatoka Shirika la Afya Duniani, WHO, na inaitwa ICD. Ukienda hospitali, daktari anaandika maneno, halafu mtu wa ofisi ya rekodi anasoma yale maneno na kuyageuza kuwa herufi na namba. E11 ni kisukari aina ya 2, ile inapata watu wengi wakishakua watu wazima. Baada ya E11 inakuja nukta, na baada ya nukta tarakimu moja. Hiyo tarakimu moja ndiyo inabeba stori yote. Ikiwa 2, figo zimeguswa. Ikiwa 3, ni macho. Ikiwa 4, ni neva, ile mishipa ya fahamu. Ikiwa 5, ni mzunguko wa damu, mara nyingi miguuni. Ikiwa 7, matatizo ni mengi kwa pamoja.

Na ikiwa 9? Bila matatizo. Huyu mtu ako na sukari lakini mwili haujaharibika popote. Mpe dawa, aende nyumbani, mwonane baada ya miezi tatu.

Mimi nimeandika hiyo 9 mara nyingi sana. Siwezi kuhesabu. Na ndiyo maana naandika hii.

Kabla niache chuo nilikuwa nasomea rekodi za afya. Wengi wenu hamkujua, mlidhani nilikuwa wa uandishi wa habari kwa sababu ya mdomo. Nilipelekwa atachimenti hospitali moja, sitaitaja, na kazi yangu ilikuwa hiyo: kukaa kwa chumba chenye faili zimejaa mpaka juu, nasoma, naweka msimbo, nafunga, nachukua ingine. Mzee aliyekuwa ananifunza alikuwa na sheria moja ambayo hakuwa anacheza nayo: "Kijana, wewe si daktari. Kama haijaandikwa, haipo."

Na ako sahihi. Hiyo ni sheria ya kazi kila mahali. Mtu wa rekodi haruhusiwi kubuni ugonjwa. Ukiona mgonjwa amepewa dawa ya amitriptilini usiku, huwezi kusema "aah, hii ni ya neva za sukari". Amitriptilini inapewa pia watu wenye msongo wa mawazo. Inapewa watu wenye kipandauso. Kama daktari hajaandika kwa nini amempa, unafaa kumrudishia faili umuulize. Saa hiyo daktari ako wodi tatu tofauti, simu hashiki, na mezani kuna faili zingine zinakungoja. Unafanya nini? Unaandika kile kimeandikwa. Kimeandikwa "T2DM". Basi. E11.9. Faili ingine.

Kumbukeni hiyo amitriptilini. Itarudi.

Mathe yangu aliambiwa ako na sukari nikiwa Fomu Mbili. Ni mama mboga. Anasimama kibandani kutoka asubuhi mpaka saa mbili usiku. Kila akienda kliniki alikuwa anabeba kile kitabu, mnakijua, daftari la shule la kurasa 48 lenye gamba la bluu, jina lake juu limeandikwa na kalamu ya mwenye duka. Hilo daftari ndilo faili la Wakenya wengi. Tunaongea mambo ya kidijitali kila wiki, lakini historia ya mathe yangu yote ya miaka sita ilikuwa ndani ya karatasi ya mfuko, pamoja na kadi na risiti.

Miaka miwili kabla ya ile mambo, mathe alianza kulalamika miguu inachoma. Si kuuma, alikuwa anasema, "inachoma kama nimekanyaga pilipili." Usiku alikuwa anatoa miguu nje ya blanketi hata Julai. Baadaye kuchoma kukapungua, akafurahi. Tulifurahi wote. Hakuna mtu alituambia kwamba kuchoma kukipungua bila sababu, si lazima iwe mguu umepona. Inaweza kuwa neva zenyewe zinanyamaza.

Alimwambia daktari? Alimwambia. Alimwambia zaidi ya mara moja, na kila mara daktari alikuwa mwingine. Mmoja akampa tembe za usiku. Amitriptilini. Hakumwambia ni za nini, na kwa daftari hakuandika sababu, aliandika jina la dawa na idadi ya siku. Mathe akaulizia jirani, jirani akamwambia hizo ni dawa za watu wa mawazo mengi. Mathe akaacha kumeza. "Mimi sina wazimu," akaniambia. Kwa sababu ya mstari mmoja haukuandikwa, mwanamke mzima akadhani daktari amemwona mwehu.

Halafu siku moja akavua sandali jioni, akaona damu. Kulikuwa na msumari umepenya soli umeingia kwa kidole gumba cha mguu. Alikuwa ametembea nao siku nzima. Siku nzima, wasee. Akiuzia watu sukuma, akicheka na wateja, msumari uko ndani ya mguu. Hakuhisi chochote.

Sitawapeleka kwa yale yote yalifuata. Kidonda hakikupona, kikabadilika rangi, tukazunguka, tukaandikiwa barua ya kupelekwa hospitali kubwa. Nilikuwa nimekaa kwa benchi nje ya chumba cha dharura nimeshika hiyo barua. Mimi, kijana wa rekodi, mwenye kujua kusoma mwandiko wa madaktari. Nikasoma. Imeandikwa kwa Kiingereza lakini maana yake ni hii: mgonjwa wa kisukari anayejulikana, yuko kwa dawa, hana matatizo, ana kidonda cha kidole.

Hana matatizo. Ana kidonda ambacho hakuhisi kikiingia, lakini hana matatizo.

Nilijua namba ya hiyo sentensi. Nilikuwa nimeiandika mimi mwenyewe, kwa faili za mathe za watu wengine, wiki baada ya wiki. Kidole kilikatwa. Baadaye na cha pili chake. Karo yangu ya muhula uliofuata ikaingia hapo, na hiyo ndiyo sababu siko chuo, kwa wale huuliza kila siku kwa komenti. Sasa mmejua, msiulize tena.

Nataka niwe mkweli kabla mtu anirukie. Siwezi kuapa kwamba neno moja lingeokoa kile kidole. Msumari ungeingia tu, pengine. Lakini naweza kuwaambia neno moja lingefanya nini, kwa sababu najua njia yenye hilo neno linapitia.

Neno la kwanza linaenda kwa daktari anayefuata. Hospitali zetu za umma huonani na daktari yule yule. Leo ni huyu, kesho ni mwanagenzi, miezi tatu ijayo ni afisa wa kliniki ametumwa juzi. Kinachowaunganisha ni daftari pekee. Kama wa kwanza angeandika "kisukari aina ya 2, na neva za miguu yote miwili zimeathirika kutokana na kisukari, hahisi vizuri vidole vya mguu", basi wa pili angejua amuulize: mama, unavaa viatu gani? Wa tatu angemwambia avue. Wa nne angemwambia akague ndani ya sandali kila asubuhi kabla hajavaa. Badala yake kila mmoja alianza na "DM" na kuishia na "endelea na dawa". Miaka sita ya kliniki, na kila siku ilikuwa siku ya kwanza.

Neno la pili linaenda kwa hesabu. Maneno yanageuka misimbo, misimbo inajumlishwa, jumla inapanda kaunti, kutoka kaunti inapanda Wizara. Kenya hatukosi bomba la kupitisha takwimu. Mfumo wa DHIS2 tuliuweka nchi nzima mwaka 2011, mapema kuliko majirani wengi Afrika. Bomba tunalo, shida ni maji yanayoingia. Ukimwaga 9 kwa bomba, juu kule inatoka 9. Mtu wa kupanga bajeti anaangalia skrini anaona wagonjwa wa sukari wengi na karibu wote hawana matatizo. Sasa huyo mtu ataagizaje viatu maalum? Ataajirije wataalamu wa miguu? Kwa nini atume sista mmoja akafunzwe kuosha vidonda vya sukari? Kulingana na karatasi zake, hakuna mwenye anahitaji. Halafu upande mwingine wa hospitali, kwa chumba cha upasuaji, miguu inakatwa. Miguu ya watu wenye kwa karatasi hawakuwa na shida.

Neno la tatu linaenda kwa pesa. Tangu 1 Oktoba 2024 tuko chini ya SHA. Mwenye kuajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na mwenye hana mshahara analipa kuanzia shilingi 300 kwa mwezi. Kuna mfuko mzima umetengwa kwa dharura na magonjwa sugu. Sawa. Lakini bima yoyote duniani inalipa kulingana na kile kimeandikwa. Ukienda na karatasi inasema "bila matatizo" halafu unaomba matibabu ya matatizo, unatarajia nani akuamini? Mgonjwa anaonekana kama mwongo kwa sababu karatasi ilidanganya kwanza.

Ndiyo maana nikisikia mtu akisema "hayo ni makaratasi tu", damu inachemka. Makaratasi tu! Title ya shamba ni makaratasi tu. Cheti cha kuzaliwa ni makaratasi tu. Mbona hizo mnaficha chini ya godoro?

Sasa najua majibu yenye mko nayo. Nimeyasikia yote, wacha niyachukue moja moja.

La kwanza: madaktari wamechoka, wagonjwa ni wengi, unataka waandike insha? Heshima zangu kwa madaktari na matabibu wote wa nchi hii. Nimeona foleni, nimeona mtu mmoja anahudumia watu mpaka anasahau kukula. Sitaki insha. Nataka mstari mmoja. "Niuropathi kutokana na kisukari, miguu yote." Hayo ni maneno sita. Kuandika "endelea na dawa, rudi miezi tatu" ni maneno sita pia. Kama kuna wino wa hayo, wino wa haya upo. Na kama kweli hakuna dakika ya kumwambia mama avue viatu, basi hiyo inafaa kuwa kelele ya kila mgomo, mbele kabisa, kabla ya kitu kingine.

Na neno "kutokana na" si urembo. Neva za miguu zinaharibiwa na vitu vingi. Pombe inaharibu. Virusi vya UKIMWI vinaharibu. Dawa ya TB inayoitwa isoniazidi inaweza kuharibu, ndiyo maana wanaoimeza wanapewa vitamini B6 pamoja nayo. Hata metformin yenyewe, dawa ya sukari yenye karibu kila mtu anameza, ikitumiwa miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12 mwilini, na B12 ikipungua miguu inaanza kufa ganzi. Hiyo ya mwisho inatibika kwa vitamini! Sasa kama umeandika "ganzi miguuni" bila kusema inatoka wapi, ama hujaandika kabisa, nani atawahi kufikiria kupima B12? Kuandika vizuri kunakulazimisha kufikiri vizuri. Huwezi kuandika sababu bila kuitafuta.

La pili: mfumo wa kidijitali unakuja, utamaliza hii shida. Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka 2023, tableti zimegawanywa, kila kitu kitakuwa kwa skrini. Poa. Niambieni, tableti inajua miguu ya mathe inachoma? Skrini haivui mtu viatu. Na kuna kitu mtu wa rekodi yeyote anajua: ukimpa mtu mwenye haraka orodha ya kuchagua, atachagua ile rahisi kupata. Na rahisi kupata ni 9. ICD mpya, ile ya 11, ilianza kutumika rasmi Januari 2022 na enyewe ni kali, unaweza kuunganisha misimbo miwili, wa kisukari na wa neva, ikasoma kama sentensi kamili. Lakini msimbo mzuri hauandiki kile hakuna mtu alitazama. Tutatoa uongo wa daftari tuuweke kwa wingu, na sasa utakuwa uongo wa kasi.

La tatu, na hii ndiyo naiheshimu zaidi: ukifungulia watu kuandika matatizo mengi, si wataanza kuandika ya uongo wale pesa za bima? Swali la haki. Na kuna nchi imeshapitia hiyo njia.

Mmeziona zile video za "jifunze kuweka misimbo ya hospitali, lipwa kwa dola ukiwa Kenya"? Wanafunza mfumo wa Marekani. Kule hiyo 4 yetu moja imegawanywa tena: E11.40 ni neva bila kusema aina, E11.41 ni neva moja, E11.42 ni neva nyingi kama zile za miguu, E11.43 ni zile zinaendesha tumbo, kibofu na moyo. Kule mambo yanaenda kinyume kabisa na sisi. Bima za wazee za Medicare Advantage zinalipwa zaidi mgonjwa akionekana mgonjwa zaidi. Kwa hivyo kwa miaka mingi kisukari chenye matatizo kilileta pesa nyingi kuliko kisukari bila matatizo, na kampuni zikawa na kila sababu ya kutafuta tatizo kwa kila faili. Serikali yao ikachoka. Kwa hesabu mpya walizoanza kuingiza mwaka 2024, uzito wa kisukari chenye matatizo ya kudumu na kisicho na matatizo ukafanywa sawa.

Sasa angalieni. Marekani mgonjwa anaongezewa ugonjwa kwa karatasi kwa sababu kuna mtu atafaidika. Hapa kwetu mgonjwa anapunguziwa ugonjwa kwa karatasi kwa sababu hakuna mtu atafaidika. Ni ugonjwa ule ule na mguu ule ule. Mara zote mbili kitu kimoja kinakosekana: hakuna mtu ameangalia mguu. Dawa ya wizi si kunyamaza. Dawa ni ushahidi. Usiandike "neva" hivi hivi, andika umepima na nini, umeona nini, mguu gani, tarehe gani. Mwizi anaogopa maelezo. Anapenda neno moja lisilo na mwili.

La nne: wewe uliacha chuo, unajua nini? Najua kile kimeandikwa kwa daftari la mathe yangu. Na nyinyi wenye digrii, mnajua kile kimeandikwa kwa la wenu?

Hapo ndipo nataka tufike. Kwa sababu ni rahisi sana kulaani serikali kwa komenti halafu kurudi kuscroli. Mimi pia nina lawama. Wale madaktari hawakuandika, lakini mimi nilikuwa nalala nyumba moja na ile miguu. Nilikuwa nasomea rekodi, nalipiwa karo kusoma mafaili ya watu, na sijawahi kufungua daftari la mama yangu hata siku moja mpaka siku ya benchi. Hiyo sitawahi kujisamehe vizuri.

Kwa hivyo wikendi hii fanyeni hivi.

Fungua daftari. Muombe kwa heshima, mwambie "mathe, naomba nione kitabu chako cha kliniki." Piga picha kila ukurasa, kwa sababu daftari hupotea, hulowa, huachwa kwa matatu. Tafuta kama kuna mahali popote wameandika kuhusu miguu, macho, figo. Mtu mwenye kisukari aina ya 2 anafaa kukaguliwa miguu siku ile ile anaambiwa ako na sukari, halafu angalau mara moja kila mwaka. Siku ile ile, kwa sababu sukari aina ya 2 inaweza kukaa mwilini miaka kabla ijulikane. Kama umefungua kurasa zote na neno mguu halipo, umejua kitu ambacho hata Wizara haijui.

Halafu mpime vidole. Kuna kipimo hakihitaji chochote, kilitengenezwa na madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza. Alale ama akae, miguu wazi, afunge macho. Unamgusa ncha ya kidole na kidole chako cha shahada, polepole, sekunde moja ama mbili, bila kusukuma na bila kugonga. Unagusa kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto. Sita jumla. Akihisi aseme kulia ama kushoto. Kama hakuhisi viwili ama zaidi kati ya hivyo sita, usimtishe, usimtibu na mafuta ya mtandaoni, mpeleke kliniki. Hiyo haimaanishi umekuwa daktari. Kliniki wako na uzi wa nailoni unaitwa monofilamenti, unapinda kwa uzito wa gramu 10, na uma wa mtetemo wa kupima vizuri. Waambie wautoe kwa droo.

Ukifika huko, usigombane na mtu. Sema tu: "Daktari, tafadhali angalia miguu ya mama, na uandike kile umeona." Hiyo sehemu ya pili ndiyo muhimu. Uandike. Akimpa dawa, muulize ni ya nini, na umuombe aandike sababu kando ya jina la dawa. Hakuna daktari mzuri atakasirika. Wengi watashukuru mtu ameuliza.

Na wazee wetu wanaume, jamani. Zile neva zingine, za ndani, zinaharibika pia. Mzee anasimama anapata kizunguzungu, chakula kinakaa tumboni, mambo ya chumbani yanakataa. Hawezi kusema mbele ya foleni, na hata akisema hakuna mtu anaandika. Unaona mzee amekuwa mkali kwa nyumba mnadhani ni uzee. Muulizeni polepole, ama mtafute mjomba amuulize.

Kwa wenzangu wa rekodi, wenye walimaliza chuo na sai mko kwa hivyo vyumba: rudisheni faili. Najua inachosha. Ukiona sukari, na dawa ya neva, na hakuna sababu, bandika karatasi umuulize daktari. Mara kumi atakupuuza. Mara ya kumi na moja atachoka na wewe na ataandika. Yule mzee aliniambia kama haijaandikwa haipo, na nilidhani maana yake ni ninyamaze. Sai nadhani maana yake ilikuwa niulize mpaka iandikwe.

Mathe anaendelea vizuri. Amerudi kibandani, anavaa viatu vya kufunga na soksi nyeupe, nyeupe ili damu ionekane mapema. Kila jioni anaketi kwa kreti ya soda, anavua, na mimi nakagua na tochi ya simu. Ananicheka, anasema nimekuwa daktari wa vidole nane.

Mwezi uliopita tulienda kliniki na daftari mpya. Alikuwa daktari kijana, pengine amenizidi miaka miwili. Akamwambia avue viatu kabla hata sijafungua mdomo. Akapima, akainama, akaandika. Nikaangalia juu ya bega lake. Mstari mmoja, mwandiko mbaya kama kawaida yao, lakini ulikuwa wote: kisukari aina ya 2, neva za miguu yote miwili kutokana na kisukari, vidole viwili vimekatwa mguu wa kushoto, hakuna kidonda kipya, akaguliwe kila ziara.

Iliandikwa miaka miwili baada ya wakati wake. Lakini iliandikwa.

Fungueni madaftari. Kama ukurasa ni tupu, rudini nao Jumatatu.